Nahodha Tindo Alifika

Majengo, Dodoma
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwako dada yangu Sabiha,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Pokea salamu zangu kabla ya jingine lolote, kisha unijulishe hali yako, ya shemeji Gideoni, na ya wanangu wawili, Hana na yule mdogo ambaye mama ananiambia ameshaanza kufukuza kuku wa jirani. Je, kikohozi cha Hana kimekwisha? Na upepo wa huko Gulwe umepunguza makali? Huku kwetu mimi, mume wangu Harithi na mama hatujambo, tunamshukuru Mungu. Linalotusumbua ni vumbi tu. Unafuta meza asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Baba naye hajambo. Ndiyo dada, leo nakuandikia habari za baba, tena kwa kirefu. Najua tukipigiana simu tumezoea kumkwepa kama shimo la barabarani. Leo nakuomba unisikilize mpaka mwisho, usiikunje karatasi katikati. Ni habari njema.

Nianze na vile vitabu vyake vya Wana wa Kiangazi. Ulikuwa bado nyumbani kitabu cha kwanza kilipotoka. Baba alikinunua kwa sababu ya jalada, lile lenye chombo cha angani kilichoandikwa Marenga ubavuni. Alisema huyu mwandishi, Angelina Mazengo, lazima ni mtu wa huku, maana babu zetu waliivuka ile nyika kavu ya Marenga Mkali na misafara yao, maji wakiyabeba kwenye vibuyu. Alidhani ni hadithi ya misafara. Akakuta watu wanaoikimbia dunia iliyokauka visima, wanaelekea sayari inayoitwa Ng'ambo, safari ya kula umri mzima wa mtu, na anayewaongoza ni Nahodha Tindo. Nilidhani atakitupa. Alikimaliza kwa siku tatu, akarudi dukani kuuliza cha pili kitatoka lini.

Kitabu cha tatu kilitoka ukiwa umeshaondoka. Humo, binti wa Tindo, anayeitwa Zuhura, anagombana na baba yake, anahamia chombo cha pili, Unyika, na chombo hicho kinashika njia nyingine. Mawasiliano yanakatika. Hakuna anayejua kama wale wa Unyika wako hai au wamekufa. Baba aliposoma hapo alifunga kitabu, akavaa kofia, akatoka kwenda kunywa kahawa. Mimi na mama hatukumuuliza.

Wazee wenzake wa kahawa pale karibu na soko nao walianza kusoma, wakawa wanabishana juu ya Tindo kana kwamba amepanga nyumba ya pili. Katika kitabu cha tano, mpishi wa Marenga alipopotea, mmoja wao alinuna mpaka wenzake wakaenda kumpa pole nyumbani. Mama alikuwa akiviita vitabu vya majini wa bati. Usimwambie kwamba nimekuandikia haya.

Sasa dada, mwaka jana macho ya baba yalianza kuingia ukungu. Mama alikwambia macho yamechoka, kwa sababu baba mwenyewe ndivyo alivyotwambia. Alificha. Alidai taa zetu ni hafifu, halafu akadai wachapishaji siku hizi wanabana wino. Tuligundua siku aliyopita Uhindini akaisalimia kwa heshima zote sanamu ya dukani iliyovalishwa dera, akasimama kungoja iitikie. Harithi alikuwa naye, na mpaka leo akiikumbuka hiyo siku anaegesha bajaji pembeni ili acheke vizuri.

Tukampeleka hospitali Mvumi. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, akapanga siku ya kumfanyia upasuaji. Hapo ndipo nilipomwona baba yetu akiogopa. Unamjua, hawezi kutamka neno hilo. Alichosema ni kwamba asingeweza kwenda kwa sababu kitabu cha saba, cha mwisho, kilikuwa kinatoka mwezi huohuo. Mama akamwambia mtu hafi kwa mtoto wa jicho. Baba akamjibu kwamba kuna watu wamekufa kwa kwikwi. "Kama nitafia kile kitanda," akasema, "nife ninajua kama walifika."

Kitabu kikatoka. Nilikinunua siku ya kwanza, nikaanza kumsomea kila alasiri pale barazani baada ya kutoka kazini. Ni kinene kama tofali, na ni kizuri dada, acha tu! Marenga imechakaa, watoto waliozaliwa humo ndani hawaamini tena kwamba kuna mahali panaitwa Ng'ambo, na Tindo amezeeka, amepoteza macho kwa mwanga wa jua moja walilopita karibu mno. Anaongoza chombo kwa kusikiliza mlio wa mitambo. Nilipofika hapo baba alinyanyua kidole nirudie. Nikarudia. Majirani wakawa wanakuja na mikeka. Mama, aliyekuwa akichambua mchele kwa kujifanya hasikii, siku moja aliunguza maharage kwa sababu hitilafu ilitokea kwenye tangi la maji la Marenga na hakutaka kuondoka.

Ikabaki sura ya mwisho, na kesho yake tulikuwa tunakwenda Mvumi. Mchana ule, pale duka la dawa, hakukuwa na wateja wengi, nikaifungua nikaisoma peke yangu nyuma ya kaunta, maana sikuweza kungoja. Dada, Tindo anakufa. Wanaizunguka Ng'ambo, wanaona mawingu, watoto wanapiga kelele, na yeye amekaa kwenye kiti chake, mkono juu ya usukani, ameshakufa kabla mlango haujafunguliwa. Na juu ya Zuhura hakuna hata mstari mmoja. Nililia mpaka mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya mafua akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akanipa mkono wa pole, akaondoka na dawa bila kuuliza zaidi.

Alasiri nikakaa barazani mbele ya baba. Alikuwa ameshafungashiwa mfuko wa hospitali, ameuweka miguuni. Majirani siku hiyo niliwaambia wasije, baba amepumzika. Nikafungua sura ya mwisho, nikasoma kurasa zake za mwanzo kama zilivyo. Nilipofika pale mkono wa Tindo unapoanza kulegea, nikainua macho nikamtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika mfuko wake kwa mikono miwili kama abiria. Nikashindwa. Nikaendelea kutazama karatasi, lakini maneno yaliyotoka kinywani yalikuwa yangu. Nikamfikisha Tindo. Nikamtoa kwenye kile kiti, nikamtembeza mpaka mlangoni, nikaufungua mlango. Nilichokiweka nje ya mlango nitakuandikia chini kidogo, nahitaji kwanza kujipa moyo. Nilipomaliza, baba akasema Alhamdulillahi, akaomba maji ya kutawadha. Alikwenda Mvumi asubuhi yake akiwa mtu mwepesi. Njiani alimsimulia Harithi mwisho wote, na Harithi, ambaye nilikuwa nimeshamweleza, alikaza macho barabarani akaitikia tu.

Upasuaji ulikwenda salama, jicho la kwanza, na baada ya majuma machache la pili. Siku walipofungua bandeji ya kwanza sote tulikuwepo. Baba akapepesa, akageuka huku na huku, akamtazama mama kwa muda mrefu, akamwuliza: "Stara, umezeeka lini?" Mama akamwambia, "Ulipokuwa hutazami." Nesi aliacha alichokuwa anafanya akacheka naye. Tuliporudi nyumbani baba alisimama uani anazitaja rangi moja moja, ya ndoo, ya kanga iliyoanikwa, ya mlango wa jirani aliodai umepakwa rangi mbaya. Nilitamani ungekuwepo.

Lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake, maana mtu aliyepata macho yake husoma. Nilikificha kitabu cha saba juu ya kabati. Alipokiuliza nikamwambia nimekiazimisha. Wakati huohuo kule kwenye kahawa alikuwa ameanzisha vita. Aliwaambia wenzake Tindo alifika, wao wakamwambia Tindo alikufa, naye akawaambia wamesoma kwa kuruka kurasa. Walikaribia kutosalimiana. Siku moja mama akafuta vumbi juu ya kabati, akakiona kitabu, akamkabidhi, bila kujua kosa lake.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta barazani amevaa miwani mipya, kitabu kimefungwa juu ya goti. Nikamsalimia. Akaitikia, akaniambia chai ipo jikoni. Basi. Siku hiyo hakusema, na iliyofuata pia hakusema. Nilikuwa napika nikichungulia barazani kama msichana aliyevunja sahani. Siku ya tatu akaniambia amesikia mwandishi anakuja Chimwaga, chuoni, kuzungumza na wasomaji, na kwamba mimi na yeye tutakwenda, nivae vizuri.

Ukumbi ulijaa wanafunzi mpaka madirishani. Baba katika kanzu yake alikuwa kama kijiko ndani ya sanduku la uma. Angelina Mazengo ni mama mnene, mcheshi, anaongea Kiswahili cha taratibu chenye lafudhi ya Kigogo, na mara mbili alisahau alipoishia kusoma akatuuliza sisi. Ulipofika wakati wa maswali, wanafunzi wakauliza mambo ya fizikia na mwendo wa mwanga. Kisha nikaona kanzu inanyanyuka pembeni yangu. Nilimvuta mkono. Akauondoa mkono wangu kwa upole, akapokea kipaza sauti.

Alijitambulisha, Abdulnasiri wa Majengo, aliyekuwa akiuza spea za baiskeli. Akamshukuru mwandishi kwa miaka yote aliyomfanya asilale. Kisha akasema, "Mama, mimi nimeupata mwisho wa kitabu hiki mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa sioni, nikasomewa na binti yangu huyu. Mara ya pili nimesoma mwenyewe. Mwisho wako ni mzuri, umeniliza. Lakini kwetu sisi Nahodha Tindo alifika."

Dada, nilitafuta pa kuingia chini ya kiti. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi. Mwandishi alikuwa ameweka mkono kifuani. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo, na samahani. Akasema samahani ya nini, yeye mwenyewe alimwua Tindo akashindwa kula siku nzima, na angependa sana kujua ameishije kwetu. Akaniomba nisimame niusimulie.

Nikasimama. Nikausimulia, kwanza nikiwa natazama viatu vyangu, halafu nikaona watu wametulia, nikainua kichwa. Nilipomaliza, mwandishi akasema kama kitabu kisingekuwa kimeshachapwa angeniibia. Wanafunzi wakapiga kelele. Baada ya hapo alitia sahihi kwenye kitabu cha baba, na baba akamsihi, kwa unyenyekevu mkubwa, amrudishe angalau yule mpishi.

Sasa nijipe moyo. Nje ya mlango wa Marenga, nilisoma kwamba mvua ilikuwa imetoka kunyesha na udongo unanuka vizuri. Na kwamba palikuwa na watu wanangoja, kwa sababu Unyika ilikuwa imefika kabla yao. Tindo haoni. Anasimama juu ya ngazi hajui ashuke vipi. Kisha anasikia mtu mmoja katika ule umati anacheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja, kicheko kinachoanza kwa kikohozi, kinashindwa kuzuilika, kinaishia puani. Tindo anakijua kicheko kile. Anashuka akikifuata, na yule mwanamke anamshika mkono, anamwambia, "Baba, taratibu, kuna jiwe hapo."

Dada Sabiha, hakuna mtu mwingine duniani anayecheka hivyo. Nilikuweka wewe pale. Sikupanga, nilipofungua ule mlango nilikukuta umeshasimama. Nilimsomea baba jina la Zuhura, lakini nilikuwa nakusema wewe, barazani kwetu, katika nyumba ambayo jina lako halijatajwa tangu mlipofunga ndoa bomani. Nisamehe kama nimekutumia bila idhini yako.

Siku ya Chimwaga, Harithi alipokuwa anaturudisha kwa bajaji, baba alimwomba asimame pembeni ya barabara. Alikuwa amekaa nyuma nami. Akaniambia, "Nilimjua yule binti kabla hujamaliza sentensi. Macho sikuwa nayo, masikio nilikuwa nayo." Nikaanza kulia, nikamwomba radhi. Akaendelea kana kwamba hajanisikia. Alisema anajua pia mama yetu anakwenda wapi kila anapoaga kwamba kuna msiba Mpwapwa. "Stara amezika watu wa Mpwapwa," akasema, "mpaka nashangaa mji ule bado una wakazi." Harithi alijifanya anakagua tairi ili acheke. Baba mwenyewe alicheka, dada. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akasema kwamba alikuwa akingoja wewe uje, na kila mwaka akichoka kungoja alikuwa anaanza upya, na kwamba hilo ni jambo la kijinga kwa mtu mzima, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mlango, na aliyefunga ndiye mwenye ufunguo. Kuhusu ndoa yenu alisema bado hakubaliani nayo jinsi mlivyoifunga, hawezi kusema uongo, lakini hukumu anamwachia Mungu. Yeye ni baba tu, na ana wajukuu asiowajua sura.

Sasa nifikie lile lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Barua hii umepewa na Gideoni. Nimeshapanga naye. Nilipompigia jana pale stesheni kwenye kazi yake kumweleza, aliuliza kwanza treni inafika saa ngapi. Kisha akaniuliza baba anakunywa chai ya rangi au ya maziwa.

Ni ya rangi, dada, na tangawizi nyingi. Kwa sababu kesho Jumapili, wakati unasoma mstari huu, baba yuko hapo Gulwe. Amekuja na treni ya asubuhi, barua hii mfukoni, akamkabidhi Gideoni. Amekaa kwenye benchi la stesheni yeye na mama, amevaa kanzu aliyoipigisha pasi mara mbili, na pembeni yake kuna mfuko wenye kitabu cha tano, cha sita na cha saba, kwa kuwa nilimwambia kwamba Gideoni ameishia cha nne. Ameapa hatamwambia mwisho. Usiamini kiapo hicho.

Alikataa kuja mpaka kwako moja kwa moja. Alisema mtu havamiwi mlangoni mwake, na kwamba una haki ya kusema hapana, na ukisema hapana atapanda treni ya jioni na hakuna atakayesikia neno baya kutoka kwake. Ndiyo maana akataka uandikiwe kwanza, usome umekaa, bila mtu kukutazama usoni. Mimi sikufuatana nao kwa sababu nina zamu dukani, na pia, nikwambie ukweli, nimeogopa kulia mbele ya abiria.

Karatasi imefika ukingoni. Usihangaike kupika, mama amebeba pilau la kulisha stesheni nzima. Mbusu Hana, mbusu na mfukuza kuku wangu, na umwambie shemeji Gideoni kwamba akiogopa wakati wa kumimina chai, baba naye anaogopa. Harithi anakusalimu sana, na wazee wa kahawa, ambao hawajui lolote, nao nakusalimu kwa niaba yao. Mungu akulinde, akuongoze vema katika hatua zako.

Usinijibu kwa barua. Vaa kandambili zako uende, dada. Hatakuona kwa mbali, miwani yake ni ya kusomea. Cheka tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Khairat